Jinsi ya Kuwapa Kuku Kazi Wanapofungiwa Ndani ya Uzio

Kuku aliyezoea kutembea huria hapotezi hamu ya kuchakura anapofungiwa ndani ya uzio. Hamu inabaki ile ile, ila anakosa pa kuipeleka. Asili ya kuku wa kufugwa ni kuku mwitu mwekundu wa misitu ya Asia, ambaye hutumia sehemu kubwa ya mchana akidonoa na kupekua majani yaliyoanguka, na tabia hiyo hubaki kwa kizazi chake hata pale chombo cha chakula kinapokuwa kimejaa hadi ukingoni. Mdomo ukikosa cha kutafuta ardhini, hugeukia manyoya ya mwenzake. Kwa hiyo, iwe umewafungia kwa sababu ya mafua ya ndege, wanyama wawindaji, mvua za mfululizo au bustani ya jirani, usiwatafutie vitu vya kuchezea. Watafutie kazi.

Hatua ya kwanza: hakikisha kwamba tatizo ni ukosefu wa kazi

Kabla ya kujenga chochote, kagua kuku wako mmoja mmoja. Kuku anayebadilisha manyoya kwa kawaida huanza kichwani na shingoni, kisha upotevu hushuka mwilini, na ukitazama kwa karibu utaona vijiti vya manyoya mapya vikichomoza. Kuku anayedonolewa huwa na upara mgongoni au kwenye shina la mkia, na manyoya yaliyosalia yamekatika. Kama una jogoo, kumbuka kwamba naye hukwangua migongo ya kuku anaowapenda zaidi.

Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa za mbao na kutoka usiku kunyonya damu, hivyo ingia bandani usiku ukiwa na tochi, upitishe kitambaa cheupe chini ya fito za kulalia. Alama za damu zitakueleza yote. Kagua pia chakula: kuku wa mayai huhitaji chakula chenye protini ya takriban asilimia 16, na akipungukiwa huanza kula manyoya. Nafasi nayo isipuuzwe. Ndani ya uzio kila kuku apate angalau mita 1 ya mraba, na zaidi ya hapo ikiwa hatoki kabisa. Uzio uliosongamana hauponywi na kabichi ya kuning'iniza.

Ukiona damu kwa kuku yeyote, mtenge papo hapo hadi kidonda kipone, kwa sababu wekundu huwavuta wengine wote.

Hatua ya pili: tengeneza sakafu inayochakurika

Hii ndiyo hatua kuu, na kama una muda wa kufanya jambo moja tu, fanya hili. Udongo mtupu uliokanyagwa ukawa mgumu haumpi kuku chochote cha kupekua. Uweke tabaka la sentimita 10 hadi 15 la maranda ya mbao, majani makavu, nyasi kavu zilizokatwakatwa, au mchanganyiko wa hivi vyote. Mimi hupendelea mchanganyiko, kwa kuwa majani huwafurahisha zaidi lakini huoza upesi, ilhali maranda hudumu na kunyonya unyevu.

Usiyatandaze wewe. Yamwage katikati kama kichuguu, ufunge mlango, uondoke. Kuku hawavumilii kichuguu. Watakipanda, watakichimba na kukisambaza hadi pembeni. Kesho yake kirundike upya kwa reki, na kazi inaanza tena bila gharama yoyote.

Usitumie kitu chenye ukungu, hata kidogo, kwa maana vumbi lake huingia kwenye mapafu ya kuku na kusababisha ugonjwa mbaya wa kupumua. Ikiwa umewafungia kwa sababu ya mafua ya ndege, usiokote majani mahali ambapo ndege wa porini hutua, la sivyo utakuwa umeubeba kwa mikono yako ugonjwa unaoukimbia. Paa lisilovuja lina faida mbili hapa: huzuia kinyesi cha ndege hao, na huiweka sakafu kavu. Ukiingia ukahisi harufu inayochoma macho, ondoa sehemu iliyolowa na uongeze malighafi kavu siku hiyo hiyo.

Hatua ya tatu: fukia nafaka ndani ya sakafu

Chakula kamili kibaki kwenye chombo chake siku nzima. Kinachofukiwa ni cha ziada, na jumla ya ziada zote, pamoja na mboga, isizidi sehemu moja ya kumi ya chakula cha siku. Kuku mmoja wa mayai hula takriban gramu 120 kwa siku, maana yake kuku 10 wasipate zaidi ya gramu 120 za vitu vya ziada. Ni kiasi kidogo kuliko wafugaji wengi wanavyodhani, na mimi mwenyewe nilipoanza nilikuwa nikirusha mara tatu yake, nikashangaa kwa nini kuku wananenepa na mayai yanapungua.

Rusha punje chache za mahindi yaliyopasuliwa au ngano, ukizitawanya kwa upana ili kuku mnyonge naye apate, kisha pitisha reki mara moja ili zizame. Wakati unaofaa ni alasiri, wengi wanapokuwa wameshataga na bado kuna saa kadhaa kabla ya kulala. Weka pia chombo cha changarawe ndogo. Kuku huria huziokota mwenyewe, lakini aliyefungiwa hana pa kuzipata, na firigisi yake haiwezi kusaga nafaka bila hizo.

Hatua ya nne: funga na uning'inize mboga

Mboga iliyotupwa chini huisha kwa dakika chache. Iliyoning'inizwa hukwepa kila inapodonolewa, na hivyo huchukua muda mrefu zaidi. Toboa kabichi katikati, pitisha kamba imara, uifunge kwenye boriti ikae usawa wa kichwa cha kuku au juu kidogo, asilazimike kuruka. Kamba isiwe na ncha ndefu zinazolegea, kwani kuku huzimeza au hujinasa miguu.

Ning'iniza mbili au zaidi, mbali mbali. Nilipoweka moja tu, kuku mkubwa wa kundi aliigeuza kuwa mali yake na kusimama chini yake kama askari mlangoni, wengine wakimtazama. Siku ile nilikuwa nimeongeza ugomvi badala ya kuupunguza.

Nyasi mbichi na majani marefu yafungwe mafungu yanayobana, ili kuku ararue vipande vidogo. Niliwahi kumwaga rundo la nyasi ndefu zilizokatwa, na baada ya siku mbili kuku mmoja alikuwa na uvimbe mgumu shingoni: nyasi zilijisokota kwenye mfuko wa chakula na hazikupita. Tangu hapo, nyasi ambazo hazikufungwa huzikata fupi, zisizidi urefu wa kidole. Usiwape kamwe parachichi, maharage makavu yasiyopikwa, viazi vilivyogeuka kijani, chokoleti wala kitu chenye chumvi nyingi.

Hatua ya tano: weka mahali pa kuoga vumbi

Kuku huoga vumbi takriban kila baada ya siku mbili, mara nyingi adhuhuri, na huchukua kama nusu saa. Mtu asiyewahi kuona atadhani kuku ana kifafa: amelala ubavu, macho nusu yamefumba, anarusha udongo juu ya mgongo. Ndivyo anavyoondoa mafuta yaliyozeeka kwenye manyoya na kupambana na wadudu.

Tumia kasha la upana wa sentimita 60 kwa 60 au zaidi, lenye kina cha sentimita 30, lijaze udongo mkavu uliochanganywa na mchanga hadi kina cha sentimita 20. Unaweza kuongeza majivu kidogo ya kuni zisizopakwa rangi wala dawa, yakiwa yamepoa kabisa na ni makavu, kwa sababu majivu yaliyolowa huchoma ngozi. Liweke chini ya paa, mbali na matone. Kwa vile hupenda kuoga pamoja, kundi la zaidi ya kuku 6 lipatiwe makasha mawili.

Hatua ya sita: ongeza kimo na mafichoni

Uzio tambarare na mtupu humfanya kuku mnyonge aonekane na wote wakati wote. Magogo, visiki na fito za vimo tofauti huongeza nafasi bila kupanua uzio. Acha sentimita 20 za ufito kwa kila kuku, na kwa kuku wazito usipandishe juu sana, maana kutua kwa kishindo huumiza nyayo.

Kisha simamisha ubao au mlango wa zamani katikati ya uzio, ukiacha njia pande zote mbili. Kuku anayefukuzwa akizunguka nyuma yake na kupotea machoni, mara nyingi anayemfukuza husahau alichokuwa akifanya. Usitengeneze pembe yenye njia moja tu. Hilo si ficho, ni mtego. Na usiingize kuku wapya kipindi hiki kama unaweza kusubiri. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ndani ya uzio uliofungwa hana hata pa kuiburuta.

Vioo na bembea nimevijaribu. Bembea ilitumiwa na kuku mmoja, na kioo kilimfanya jogoo apigane na kivuli chake hadi nikakiondoa.

Hatua ya saba: badilisha kidogo kidogo, uangalie

Kuku huogopa kitu kigeni, hivyo usibadilishe uzio wote kwa siku moja. Ongeza au hamisha kitu kimoja kila baada ya siku chache, ukianzia pembeni. Kila jioni, saa moja hivi kabla ya jua kuzama, simama kimya kwa dakika 10. Tazama ni nani anayetembea na kurudi kando ya wavu bila kukoma, ni nani anayedonoa mkia wa mwenzake, ni nani hajashuka kwenye ufito. Asubuhi okota mayai mapema na tena adhuhuri, kwa kuwa yai lililopasuka kwenye kiota ndilo humfundisha kuku kula mayai.

Na siku utakapokuta kichuguu cha asubuhi hakijaguswa hadi jioni, usiwaletee kitu kipya. Wakague kope, kinyesi, pumzi na maji ya kunywa, kwa maana kundi zima lililoacha kuchakura huenda linaumwa, na hapo anayehitajika ni daktari wa mifugo.