SOMO: Fimbo ya haraka au ya polepole kwa uvuvi wa nzi bandia?

Wakuu, nzi bandia ni chambo chepesi kinachoigiza mdudu. Tuanze na kosa linalowagharimu wengi: kudhani fimbo ya haraka ndiyo yenye nguvu zaidi. Uharaka ni namna fimbo inavyopinda na kunyooka. Nguvu yake inaonyeshwa na namba ya mshipi (uzito wa mshipi unaoifaa) iliyoandikwa juu ya mpini. Fimbo namba 5 inaweza kuwa ya haraka au ya polepole.

Hatua ya 1: Tazama inavyopinda. Pitisha mshipi kwenye pete zote, shika mpini, mwenzako auvute taratibu. Ikipinda theluthi ya juu tu, ni ya haraka. Ikifika katikati, ya wastani. Pindo likishuka hadi karibu na mpini, ya polepole. Kuitikisa tupu dukani ni kujifurahisha tu. Nzi hana uzito wa maana, kinachorushwa ni mshipi, kwa hiyo ijaribu ikiwa na mshipi.

Hatua ya 2: Jiulize unavua umbali gani. Hapa ndipo penye uamuzi. Kwenye kijito, samaki yuko mita sita au nane mbele yako. Mshipi uliotoka ni mfupi, na fimbo ya haraka haipati uzito wa kuipinda. Unabaki kusukuma kwa bega. Ya polepole inapinda na huo mdogo, tena inamshusha nzi kwa upole. Ziwani au baharini penye upepo, mambo yanageuka: ya haraka inaukunja mshipi hewani kuwa kitanzi chembamba kinachopenya upepo na kufika mbali.

Hatua ya 3: Angalia uzi wa mwisho, ule unaofungwa nzi. Ukitumia uzi mwembamba sana, fimbo ya polepole inameza mshtuko samaki anapokurupuka.

Hatua ya 4: Mkono wako. Ya polepole inadai usubiri mshipi unyooke nyuma kabla ya kurusha mbele. Anayeanza achukue ya wastani.

MASWALI

*Mkuu, nina namba 5 ya haraka na navua kijitoni. Niiuze?*
Usiiuze. Jaribu mshipi namba 6, ni mzito zaidi na utaipinda. Lakini soma boksi la mshipi ulio nao kwanza: kwa kiwango cha kawaida, mita 9 za mwanzo za namba 5 zina takriban gramu 9, na za namba 6 gramu 10 na kidogo. Watengenezaji wengine huzidisha kiwango hicho makusudi, kwa hiyo huenda mshipi wako wa "namba 5" tayari ni 6.

*Mianzi na fibaglasi zote ni za polepole?*
Nyingi, ndiyo. Kaboni nyingi ni za haraka, ingawa zipo laini pia.

*Samaki mkubwa hataivunja ya polepole?*
Kinachovunja mara nyingi ni kuinua fimbo wima samaki akiwa miguuni: ncha inajikunja kupita kiasi. Ishushe, pindo lihamie chini kwenye unene.