Mguse punda mguu kabla ya kumpandisha shogi la mizigo

Mtu akiniambia punda wake "anachechemea kidogo tu", huwa namuuliza kwanza: umemgusa mguu? Punda ni mvumilivu mno. Atabeba mchanga na simenti katika vichochoro vya Lamu huku ukano, ile kamba inayounganisha msuli na mfupa, umeshaanza kuchanika, na siku anayochechemea ujue jeraha lina siku zake.

Inama, shika mguu wa mbele chini ya goti, upande wa nyuma. Utahisi kama kamba mbili ngumu zilizolaliana. Hizo ni kano. Kati yake na mfupa imejibana ligamenti, yaani ukanda unaounganisha mfupa na mfupa, inayokishikilia kifundo kisizame. Kutoka goti kwenda chini hakuna nyama ya kusaidia, na miguu ya mbele ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya uzito. Kila hatua kano huvutika na kurudi. Mzigo ukizidi, au punda akiteleza, nyuzi zake hukatika.

Kwa hiyo kila asubuhi teremsha kiganja taratibu, mguu huu kisha ule, ulinganishe. Joto upande mmoja, uvimbe, au kano iliyobenuka nyuma kama upinde: siku hiyo hafanyi kazi. Mmwagie mguu maji baridi dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kwa siku mbili za mwanzo, na umwite daktari wa mifugo. Tafadhali usimchome kwa chuma cha moto. Unamwongezea kidonda tu, ukano hauponi kwa moto.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Wiki 3 zikipita punda anatembea vizuri, anarudishwa kazini, na ukano unachanika upya, safari hii vibaya zaidi. Ukano hupata damu kidogo, hupona polepole, na kovu lake halivutiki kama zamani. Jeraha kubwa huhitaji miezi 9 hadi 12. Najua punda ndiye unga wa nyumbani, lakini mpe muda huo, umtembeze kidogo kidogo bila mzigo kadiri daktari atakavyoelekeza.

Kwato nazo zichongwe kila wiki 6 hadi 8, maana ncha ikirefuka huzivuta kano kila anapokanyaga. Na malishoni usimfunge kamba ya nailoni mguuni. Hukata ngozi, na chini ya ngozi hiyo ukano uko hapohapo. Mfunge kwa hatamu.