Somo: Choo kigumu cha muda mrefu, tukifuata njia ya Ayurveda

Wapendwa, somo hili mmeniomba wengi, na wengi mmeliomba faraghani kwa sababu ya aibu. Hakuna aibu hapa. Mtu anayekwenda haja mara moja kwa wiki, akatoka chooni ametota jasho na bawasiri imechomoza, anaumwa kama mgonjwa mwingine yeyote na anastahili kusaidiwa.

Leo nafuata Ayurveda, tiba ya kale ya India. Majirani zetu Wahindi hapa Moshi mjini sehemu yake wanaitumia jikoni kila siku bila hata kuiita dawa. Jambo ninalotaka mlishike ni moja: kwa Ayurveda, choo kigumu hakianzi kutibiwa kwa dawa ya kuendesha. Sisi tukifunga choo tunakimbilia sanamaki. Tunaharisha siku moja, siku nne zinapita kavu, tunairudia sanamaki. Tumbo halijapona, limelazimishwa tu.

Ayurveda inasema mwili unaongozwa na nguvu tatu: vata, pitta na kapha. Vata ni ya upepo. Ni kavu, ni baridi, ni nyepesi, ina mwendo, na makao yake makuu ni utumbo mpana. Tawi lake moja, apana, ndilo linalosukuma vitu kwenda chini: choo, mkojo, hewa, hedhi, hata mtoto wakati wa kujifungua. Vata ikizidi, utumbo unakauka na apana inavurugika. Daktari wa hospitali atakueleza kwa njia yake kwamba kazi ya utumbo mpana ni kunyonya maji, na choo kikikawia humo maji yanazidi kunyonywa mpaka kinakuwa vipande vigumu. Kote kuwili unaambiwa lainisha, pasha joto, rudisha ratiba.

Hatua ya 1: Hakikisha ni la kutibiwa nyumbani

Tunaita choo kigumu cha muda mrefu pale mtu anapokwenda chini ya mara 3 kwa wiki, au anajikamua sana, au anatoka akihisi hakijaisha, na hali hiyo imeendelea kwa miezi 3 au zaidi. Lakini ukiona damu kwenye choo, unakonda bila sababu, unaishiwa damu, tumbo limevimba na unatapika, hata hewa haitoki, au umevuka miaka 50 na tatizo limeanza ghafla, acha kusoma hapa uende hospitali. Angalia pia dawa unazomeza. Vidonge vya kuongeza damu, dawa za maumivu zenye kodeini na baadhi ya dawa za kiungulia hufunga choo. Usiziache mwenyewe, mwulize aliyekuandikia. Kisukari na tezi ya shingo iliyolegea kufanya kazi navyo hufunga choo, na hivyo vinapimwa.

Hatua ya 2: Rudisha asubuhi yako

Hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, na ndiyo watu wanayoiruka kwa sababu haiuzwi dukani.

Amka nusu saa kabla ya muda uliozoea. Kunywa glasi moja au moja na nusu ya maji ya uvuguvugu, taratibu, ukiwa umeketi. Mwezi wa sita na wa saba, baridi ya huku inapotukaba, watu wanashinda na vikombe viwili vya chai tu na kiu hawaisikii, kwa hiyo msisubiri kiu. Kisha kula kitu cha moto, hata uji. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana hujikunja na kusukuma, na asubuhi msukumo huo una nguvu zaidi. Nenda chooni ndani ya nusu saa baada ya kula, hata kama hujabanwa. Dakika kumi zinatosha. Simu iache chumbani, kwa sababu kukaa muda mrefu chooni kunaongeza bawasiri.

Choo cha kuchuchumaa ni bora, kinanyoosha njia. Wenye choo cha kukalia, wekeni kigoda kifupi chini ya miguu, magoti yapande juu ya kiuno, mwili uinamie mbele kidogo.

Halafu, msibane haja. Charaka, mojawapo ya vitabu vya msingi vya Ayurveda, kinataja haja 13 za mwili zisizofaa kuzuiwa, na haja kubwa imo. Mfikirieni mama anayeuza ndizi Mbuyuni. Ametoka Uru alfajiri, saa mbili anabanwa, anatazama foleni ya choo cha kulipia, anautazama mzigo wake ambao hana wa kumwachia, anabana. Kesho hivyo hivyo. Choo kinakauka ndani, na baada ya miezi hata ile hisia ya kubanwa inafifia. Mama huyo hahitaji dawa kali. Anahitaji jirani wa meza amwambie, "Nenda mama, nakuangalizia." Nawasihi mliopo sokoni mfanyiane hivyo. Kadhalika wanafunzi wanaobana kutwa kwa sababu vyoo vya shule ni vichafu: wazazi, lipigieni kelele jambo hili kwenye vikao.

Hatua ya 3: Chakula chenye majimaji, joto na mafuta kidogo

Najua swali la kwanza: ndizi je? Sitamkataza mtu mtori. Ndizi mshare zikipikwa na supu hadi zikalainika, zikasongwa, zikaliwa za moto, ni chakula kinachomfaa kabisa mtu mwenye vata. Shida ni ndizi za kuchoma, chipsi kavu, mahindi ya kuchoma, bisi, biskuti na mkate mweupe, tena vikateremshwa na soda baridi.

Tumieni dona badala ya sembe, kwa kuwa dona imebaki na pumba zake. Papai lililoiva lifuate mlo. Parachichi tunalo tele kuanzia Machame hadi Marangu, na nusu yake tu ina zaidi ya gramu 5 za nyuzinyuzi, wakati mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 kwa siku. Mchicha, mnafu na matembele pikeni viive vizuri. Kwa mwenye tumbo kavu, Ayurveda inapenda mboga iliyopikwa kuliko kachumbari.

Maharage ya makande huleta gesi. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji, pika na tangawizi na bizari nyembamba. Choroko ndizo nyepesi kuliko kunde zote kwa mujibu wa Ayurveda. Zipike pamoja na mchele, maji yawe mengi, malizia na kijiko cha samli.

Hatua ya 4: Samli usiku

Kijiko kimoja cha chai cha samli ndani ya kikombe cha maziwa ya moto, kabla ya kulala. Ambao maziwa yanawasumbua tumbo watie samli kwenye uji. Wenye lehemu nyingi waiache hatua hii.

Hatua ya 5: Isabgol

Hizi ni kumvi za mbegu, nyeupe, nyepesi, zinapatikana kwenye maduka ya Kihindi na baadhi ya maduka ya dawa. Tia kijiko kimoja cha chai kwenye glasi nzima ya maji, koroga, kunywa papo hapo. Ukiiacha dakika chache inageuka mlenda, na hivyo ndivyo inavyofanya kazi tumboni: inashika maji, inakifanya choo kiwe laini na kikubwa, utumbo unapata kitu cha kusukuma. Kunywa glasi ya pili ya maji juu yake. Nasisitiza sana hapa. Isabgol bila maji ya kutosha inaweza kukwama kooni au kuziba utumbo. Mwenye shida ya kumeza asiitumie kabisa. Kati ya isabgol na dawa zako nyingine ziwepo saa mbili. Baada ya wiki unaweza kupanda hadi vijiko viwili. Gesi ya siku za mwanzo hupungua.

Kati ya vyote ninavyofundisha leo, hii ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi wa kitabibu. Mwenye fedha ya kununua kitu kimoja tu anunue hiki.

Hatua ya 6: Triphala

Ni unga wa matunda matatu yaliyokaushwa: amalaki, haritaki na bibhitaki. Nusu kijiko cha chai kwenye maji ya uvuguvugu wakati wa kulala, na usizidishe kijiko kimoja. Ladha yake ni chungu na inakaza ulimi. Si ya wajawazito wala anayeharisha, na anayetumia dawa za sukari au za kuyeyusha damu aulize daktari kwanza.

Mnaponunua muwe macho. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha matokeo ya kupima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani kule, na 14 zilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Baadhi ya dawa za Ayurveda hutiwa madini makusudi, hasa zile zenye neno bhasma au rasa. Hizo msiziguse. Nunueni triphala tupu, pakiti iliyofungwa, yenye jina la mtengenezaji na tarehe ya kuisha. Mkitaka kuonana na mganga, mwombeni cheti chake cha usajili cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Hatua ya 7: Kukanda tumbo

Pasha mafuta ya ufuta kidogo, lala chali, kunja magoti. Anza chini kulia, panda hadi chini ya mbavu, vuka kwenda kushoto, shuka. Ndivyo utumbo mpana ulivyolala. Dakika tano. Usikande tumbo la mimba wala tumbo lenye maumivu makali.

MASWALI YA WANAKIKUNDI

Swali (Pasua): Shikamoo mama. Nina mimba ya miezi mitano, choo hakitoki tangu nianze vidonge vya damu. Shangazi ameniletea mafuta ya mbarika, nimeze kijiko?
Jibu: Marahaba mwanangu. Hapana, usimeze. Mafuta ya mbarika yanausukuma utumbo kwa nguvu na yanaweza kuamsha uchungu. Mshukuru shangazi, yaweke mbali. Vidonge vya damu usiache, mwambie nesi wa kliniki akushauri namna ya kumeza. Wewe fuata hatua ya 2 na ya 3, na isabgol mwulize nesi huyo huyo. Na niwaambie wote: mbegu za mbarika zinazoota kando ya barabara zina sumu kali. Watoto wasizitafune.

Swali (Sakina, Arusha): Dada, mimi natumia sanamaki kila usiku, miaka sasa. Nikiacha siku mbili, hakuna kitu. Nitatokaje?
Jibu: Pole sana dada. Usikate ghafla. Anza isabgol na ratiba ya asubuhi sasa, ukiendelea na sanamaki. Baada ya wiki mbili, sanamaki iwe usiku mmoja ndiyo, mmoja hapana, kisha mara mbili kwa wiki, kisha uache. Kuharisha kwa muda mrefu kunapoteza maji na chumvi za mwili, hasa potasiamu ambayo moyo unaihitaji, kwa hiyo pima damu mara moja Mount Meru au hospitali iliyo karibu nawe. Ukisikia moyo kwenda mbio au misuli kukosa nguvu, nenda siku hiyo hiyo.

Swali (Majengo): Assalaam alaykum. Ramadhani maji ya asubuhi tunafanyaje?
Jibu: Wa alaykum salaam. Hamishia kwenye daku: maji ya uvuguvugu, uji, papai, halafu chooni kabla ya Alfajiri. Futuru kwa tende na maji, kisha kitu cha majimaji kabla ya vya kukaanga. Isabgol iwe baada ya tarawehe, na maji uyanywe kidogo kidogo hadi kulala.

Swali (Machame): Mama, mzee wangu ana miaka 67. Alikuwa anakwenda vizuri, miezi miwili sasa kafunga, na suruali zinamvuka. Nimnunulie triphala?
Jibu: Mwanangu, usinunue chochote. Mpeleke mzee hospitali, Mawenzi au KCMC, wiki hii, sio mwezi ujao. Mabadiliko ya ghafla katika umri huo pamoja na kukonda lazima yapimwe, saratani ya utumbo iondolewe kwenye hesabu. Najua wazee wetu hawapendi kuzungumza choo mbele ya watoto wao. Mwombe mdogo wake au rafiki yake wa kanisani aingie naye kwa daktari.

Swali (Usa River): Mtoto wangu wa miaka minne analia akisikia neno choo. Anajibana, anakunja miguu.
Jibu: Aliumia siku moja, sasa anaogopa kurudia, na kila anavyobana kinazidi kuwa kigumu. Asichapwe, asichekwe. Usimpe sanamaki, triphala wala dawa ya kuingiza nyuma. Mpeleke kliniki apewe dawa salama ya kulainisha kwa kipimo chake. Nyumbani mpe papai, maji na uji mwepesi, na baada ya kula mketishe dakika tano, miguu ikikanyaga kigoda, umsimulie hadithi. Asipotoa kitu, msifu kwa kukaa.

Swali (Himo): Nianze vyote saba kwa pamoja? Na nisubiri muda gani?
Jibu: Hapana kaka. Wiki ya kwanza hatua ya 2 na ya 3 tu. Wiki ya pili ongeza isabgol, ambayo huonyesha kazi ndani ya siku moja hadi tatu. Samli na kukanda tumbo ongeza ukipenda. Triphala iwe ya mwisho, na isianze siku moja na kitu kingine kipya, ili tumbo likichafuka ujue kimechafuliwa na nini. Andika kwenye daftari kila siku uliyokwenda na choo kilikuwaje. Wiki nne zikipita bila nafuu, chukua daftari hilo uende nalo kwa daktari.