Kuzitazama picha za rangi za maji za Winslow Homer: anza na weupe

Mwaka 1881 mchoraji Mmarekani Winslow Homer alihamia Cullercoats, kijiji cha wavuvi katika pwani ya kaskazini-mashariki ya Uingereza, akakaa hadi 1882 akiwachora wanawake wakibeba vikapu, wakitengeneza nyavu na kungojea mashua. Mtazamaji huvutwa kwanza na nyuso zao. Mimi, kama mchoraji wa rangi za maji, hushauri macho yaanzie kwenye sehemu nyeupe.

Hatua ya 1. Fungua picha ya “Mending the Nets” (1882) kwenye tovuti ya National Gallery of Art, Washington, kisha uikuze mpaka uone penseli chini ya rangi.

Hatua ya 2. Kila palipo na mwanga, jiulize weupe umetoka wapi. Karatasi iliyoachwa wazi huwa na ukingo mkali, na mara nyingi rangi iliyoizunguka hukolea pale ilipokaukia. Rangi iliyolowanishwa upya na kufyonzwa kwa kitambaa huacha ukingo laini na kivuli hafifu, kwa sababu baadhi yake imekwisha kuingia kwenye nyuzi za karatasi. Palipokwanguliwa kwa kisu pana kingo za kuchanika, na Homer aliipenda sana mbinu hii kwa povu la mawimbi. Rangi nyeupe nzito, ambayo wapenda usafi wa mbinu, wanaotaka weupe utokane na karatasi pekee, huibeza bila sababu ya maana, hukaa juu na kuficha kilicho chini yake.

Hatua ya 3. Jaribu njia zote nne hizo za kupata weupe kwenye karatasi nene ya pamba. Usikwangue kabla rangi haijakauka kabisa, wala usipake rangi juu ya mkwaruzo, kwani hapo karatasi hunywa rangi na kuwa nyeusi kuliko ulivyokusudia.

Hatua ya 4. Linganisha na “Boys in a Dory” (1873), iliyoko Metropolitan Museum, New York, ya mwaka ambao Homer alianza kuzitumia rangi za maji kwa dhati.

Hatua ya 5. Jihadhari na weupe usiotokana na mkono wa mchoraji. Katika “For to Be a Farmer’s Boy” (1887), inayomwonyesha kijana shambani, uchunguzi wa jumba la sanaa la Art Institute of Chicago ulibaini kwamba anga inayoonekana karibu nyeupe ilikuwa na wekundu wa machweo, uliopauka kwa mwanga. Kwa hiyo soma maelezo ya wahifadhi wa jumba la sanaa kabla ya kuisifu anga tupu.