Ufunguo, mbuzi na meza: jinsi ya kupima hoja kwa kauli tatu

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Muheza. Tuko wanachama 26, wengi wauza machungwa na mama lishe, na tunakutana kila Jumamosi jioni barazani kwa mwenzetu. Sanduku letu lina kufuli 3, na kila ufunguo una mshikaji wake. Jumamosi moja tulihesabu fedha, zikapungua shilingi 84,000. Nikasimama nikasema bila kusita: aliyechukua fedha hizi, awaye yote, alikuwa mshika ufunguo, huyu mama ni mshika ufunguo, basi ni yeye.

Mama yule hakujibu. Aliuvua ufunguo shingoni pamoja na kamba yake, akauweka mezani, akajifunika khanga usoni.

Tunaye mzee mmoja kikundini aliyesoma mantiki kwa mashehe tangu ujana wake. Akaniuliza: "Katibu, mwanangu, kila mbuzi ana miguu minne?"

"Ndiyo, mzee wangu."

"Na meza hii?"

"Nayo ina minne."

"Basi meza hii ni mbuzi?"

Baraza zima lilikaa kimya. Fedha zilionekana wiki iliyofuata: rejesho la mwanachama mmoja lilitumwa kwa simu, nami nikaliandika daftarini kama lililoingia sandukuni, kumbe lilikuwa bado kwenye simu ya mweka hazina. Nilimfuata yule mama nyumbani kwake kumwomba radhi, kisha nikaomba radhi tena mbele ya wote. Tangu siku hiyo nilijifunza kwa mzee namna ya kupima hoja kabla haijatoka kinywani, na ndiyo ninayokuandikia hapa.

Hoja ya namna hii huitwa silojisimu. Ina kauli tatu: mbili unazikubali kwanza, na ya tatu inatoka humo kwa lazima, si kwa kubahatisha. Aliyeichambua na kuiwekea kanuni ni Aristotle wa Ugiriki, aliyeishi kuanzia mwaka 384 hadi 322 kabla ya Kristo. Baadaye wanazuoni walioandika kwa Kiarabu, kina Al-Farabi na Ibn Sina, waliiendeleza, na neno lenyewe "mantiki" sisi tumelipata kwa Kiarabu. Hoja hii ya kauli tatu mzee wetu huiita kiyasi.

Tazama hii, nimeitoa kwenye katiba yetu:

Hakuna mdaiwa sugu anayepewa mkopo mpya.
Kila aliyepitiliza siku 30 bila kurejesha ni mdaiwa sugu.
Kwa hiyo, hakuna aliyepitiliza siku 30 bila kurejesha anayepewa mkopo mpya.

Hesabu mambo yanayozungumzwa humo. Ni matatu tu: mdaiwa sugu, anayepewa mkopo mpya, na aliyepitiliza siku 30. Kila moja limetajwa mara mbili. Lile lililomo katika kauli mbili za kwanza lakini halimo katika hitimisho, yaani "mdaiwa sugu", ndilo kiungo. Kazi yake ni kuyakutanisha yale mengine mawili, kisha linatoka. Ukitaka kupima hoja yoyote, kitafute kiungo kwanza.

Kabla ya hapo lakini iko kazi ambayo kwa Kiswahili chetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani: kuiandika upya kila kauli ili ionyeshe inasema juu ya wangapi. Mtu anasema "vijana hawarejeshi". Vijana wote, au baadhi? Lugha yetu inaruhusu kuacha hilo hewani, na humo ndimo ugomvi unamozaliwa. Mantiki hii inakubali maumbo manne tu ya kauli: kila A ni B, hakuna A aliye B, baadhi ya A ni B, baadhi ya A si B. Mlazimishe msemaji achague moja. Nimeona hoja nyingi zikiisha hapohapo, maana aliyesema "vijana hawarejeshi" akiulizwa atasema alikuwa na wawili akilini.

Chunga sana sentensi kama "wanachama wote hawakulipa". Mmoja anasikia kwamba hakuna aliyelipa hata mmoja. Mwingine anasikia kwamba si wote waliolipa, wapo waliolipa. Mimi nilishawahi kuiandika hivyohivyo kwenye muhtasari wa kikao, na tulibishana nusu saa. Siku hizi naandika "hakuna mwanachama aliyelipa" au "baadhi ya wanachama hawakulipa", basi. Chunga na neno "tu". "Wenye hisa tu ndio wanaokopa" maana yake ni kwamba kila anayekopa ana hisa. Haisemi kwamba kila mwenye hisa lazima akopeshwe. Ukiigeuza umeharibu.

Sasa turudi kwenye kosa langu, kwa sababu ndilo kosa la watu wengi. Niliposimama barazani nilisema hivi:

Kila aliyechukua fedha ni mshika ufunguo.
Mama huyu ni mshika ufunguo.
Kwa hiyo, mama huyu alichukua fedha.

Kiungo changu kilikuwa "mshika ufunguo". Kauli ya kwanza haikusema lolote juu ya washika ufunguo wote. Ilisema tu kwamba mwizi, kama yupo, yumo miongoni mwao. Kauli ya pili nayo ilimweka mama miongoni mwao. Wawili kuwa katika kundi moja hakuwafanyi kuwa mtu mmoja. Kanuni yake ni hii: angalau mara moja, katika kauli mbili za kwanza, kiungo lazima kizungumzwe chote. Kwenye mfano wa mkopo, "hakuna mdaiwa sugu" inawagusa wadaiwa sugu wote bila kubakiza, ndiyo maana ile inashika na yangu haikushika. Tena angalia: hata kauli yangu ya kwanza ingekuwa kweli tupu, hoja ingebaki mbovu. Ubovu ulikuwa katika umbo, si katika habari.

Kama kanuni hii inakutatiza, chora. Chukua kalamu, chora duara kubwa la washika ufunguo. Ndani yake chora duara dogo la waliochukua fedha. Sasa weka nukta ya mama. Inaruhusiwa kukaa ndani ya duara kubwa bila kugusa dogo? Inaruhusiwa. Basi hitimisho halilazimiki. Maduara haya yalitumiwa na Leonhard Euler wa Uswisi katika karne ya 18, na John Venn wa Uingereza akaja na michoro yake mwaka 1880.

Njia ya mzee ni ya haraka zaidi, na haihitaji karatasi: acha umbo la hoja lilivyo, badilisha maneno, weka vitu unavyovijua vizuri. Kila mbuzi ana miguu minne, meza ina miguu minne, basi meza ni mbuzi. Ukipata kauli mbili za kweli zinazozaa uongo, umbo hilo halifai kwa lolote, hata likitumiwa kusema jambo unalolipenda.

Na mbuzi huyohuyo anatufundisha kosa jingine. Kila mbuzi hula majani. Hiki ninachokunia nazi ni mbuzi. Basi hiki hula majani. Hapa kiungo kinaonekana kimoja, kumbe ni viwili vyenye jina moja. Hili likitokea kwa mbuzi kila mtu analiona. Likitokea kwa neno kama "kuchelewa" halionekani: sisi tuligundua kwamba wengine walihesabu siku 30 tangu siku ya kukopa, na wengine tangu tarehe ya kurejesha. Walikuwa wakibishana na hawajui kwamba wanazungumzia vitu viwili.

Kauli mbili za kukana hazizai kitu. Mwenzetu mmoja alidai: "Hakuna mdaiwa sugu anayepewa mkopo, mimi si mdaiwa sugu, basi nipewe." Haifuati; inawezekana hana hisa za kutosha. Vilevile "baadhi" mbili hazitoi hitimisho, na kauli moja ikiwa ya kukana, hitimisho nalo litakuwa la kukana. Ukiyapanga maumbo yote ya hoja yanayowezekana ni 256, na kwa hesabu ya jadi yanayoshika ni 24 tu. Huna haja ya kuyakariri. Kiungo na duara vinatosha kwa shughuli za kila siku.

Jambo la mwisho, na kwangu ndilo zito. Watu hawasemi kauli zote tatu. Wanasema mbili na moja wanaimeza. "Huyu ni mhamiaji, asipewe ufunguo." Iko wapi kauli ya kati? Itoe nje, iseme kwa sauti: "Hakuna mhamiaji anayefaa kushika ufunguo." Ikishasemwa hivyo, msemaji mwenyewe mara nyingi huinamisha kichwa. Umbo la hoja yake linashika kabisa, lakini kauli aliyoificha si ya kweli, na umbo zuri halimwokoi. Kwa hiyo ninauliza maswali mawili, moja baada ya jingine, na siyachanganyi: je, hitimisho linafuata? Na je, kauli zenyewe ni za kweli?

Kifungu chetu cha mikopo sasa kinasomeka: "Kila mwanachama aliyepitiliza siku 30 tangu tarehe ya kurejesha bila kulipa ni mdaiwa sugu." Mama yule ndiye aliyekisoma siku tulipokipitisha. Ufunguo bado anao yeye.