Kupima Hali ya Hewa Kabla ya Kuhamishia Familia Mbeya

Anayehama na familia kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, asiutembelee mwezi Desemba pekee. Afike Juni au Julai, alale usiku mmoja, kisha aamke alfajiri apapase kuta za nyumba anayotaka kupanga. Ukuta wenye unyevunyevu na madoa meusi ya ukungu pembeni mwa dari haufai kwa mtoto mwenye pumu, hata kodi ikiwa nafuu. Chumba cha watoto kiwe na dirisha la upande wa kaskazini, kwa kuwa jua la kipupwe hupita huko.

Mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, hivyo kagua njia ya kwenda shuleni.

Nunueni mablanketi mazito mapema. Nasisitiza hili kwa moyo wote: msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha ili mpate joto, kwani hewa yake yenye sumu haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.