Kuchora anga na utando wa upeo wa macho katika simuleta ya ndege: jaribio la Kibo

Anayesimama kwenye uwanja wa ndege wa Kilimanjaro alfajiri isiyo na mawingu na kutazama kaskazini-mashariki huona jambo ambalo simuleta nyingi hushindwa kulionyesha. Kibo, kilele kirefu zaidi cha mlima Kilimanjaro, kiko wazi, barafu yake ikipokea mwanga, ilhali miteremko ya chini imemezwa na utando wa rangi ya maziwa, hata mlima ukaonekana kana kwamba umening'inia hewani. Nimetumia mandhari hiyo kama kipimo changu kwa muda mrefu, na mwongozo huu unaeleza namna ya kuifikia kwa anayeandika sheda zake mwenyewe, yaani programu ndogo zinazokokotoa rangi ya kila pikseli, au anayerekebisha simuleta ambayo msimbo wake uko wazi.

Tatizo huanzia kwenye ukungu sahili ambao takriban kila injini ya michoro huja nao, ambao huchanganya rangi moja ya kijivu na kila pikseli kwa kuangalia umbali peke yake. Kwa ukungu wa namna hiyo Kibo hakiwezi kuonekana wakati miguu yake imefichika, kwa sababu kilele kiko mbali zaidi kuliko miguu, na kwa hiyo ndicho kitakachotoweka kwanza. Kinachokosekana ni kimo. Vumbi, moshi na unyevu hukaa chini, karibu na ardhi, na mstari wa macho unaopanda kuelekea kileleni hutoka katika tabaka hilo mapema, ukasafiri sehemu kubwa ya njia yake katika hewa safi.

Anza na mwonekano unaotolewa na ripoti ya hali ya hewa, uugeuze kuwa mgawo wa ufifishaji, yaani kiwango ambacho hewa hupunguza mwanga kwa kila mita, ambao tutauita β. Kanuni ya Koschmieder inasema kwamba β ni 3.912 ikigawanywa kwa mwonekano, kwa kuwa mwonekano umefafanuliwa kuwa ni umbali ambao tofauti ya kitu cheusi na anga iliyo nyuma yake imebaki asilimia 2 tu. Mwonekano wa kilomita 40 kwa hiyo hutoa β ya takriban 0.000098 kwa mita. Hapa pana mtego ambao umewapotezea watu siku nzima. METAR, yaani ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege, inapoandika 9999 haimaanishi mwonekano wa mita 9,999, bali inamaanisha kilomita 10 au zaidi, na hewa ya alfajiri ile inaweza kuwa na mwonekano mara nyingi ya huo. Ukiisoma tarakimu hiyo kama ilivyo, utaufunika ulimwengu wako wote kwa ukungu ambao haukuwepo. Mimi huichukulia 9999 kama ruhusa ya kuchagua: kilomita 40 panapokuwa na vumbi la kiangazi, na 80 au zaidi baada ya mvua kuisafisha hewa.

Kisha upe utando kimo. Njia rahisi na yenye kuaminika ni kuuacha upungue kwa mfumo wa kipeo kadiri unavyopanda, ukitumia kimo cha kupungua H cha mita 1,200 hivi, yaani kila mita 1,200 za kupanda hubakisha asilimia 37 ya utando. Uzuri wake ni kwamba jumla ya ufifishaji katika mstari mzima, kutoka kwenye jicho lililo kimo h1 hadi kwenye kitu kilicho kimo h2 na umbali d, hupatikana kwa hesabu moja bila kupiga hatua ndogondogo njiani:

τ = β · d · H · (e^(−h1/H) − e^(−h2/H)) / (h2 − h1)

Sehemu ya mwanga inayofika ni e^(−τ). Vimo viwili vikikaribiana sana mgawanyo huo hulipuka na kuacha madoa meusi yanayomemeteka kwenye upeo wa macho, kwa hiyo tofauti ikiwa chini ya mita moja tumia β · d · e^(−h1/H) badala yake. Umbali d nao uwe umbali wa kweli kutoka kwenye jicho hadi kwenye kitu, wala usiwe kina cha pikseli kinachotoka kwenye bafa ya kina, ambacho hupimwa kuelekea mbele ya jicho moja kwa moja. Kitu kilicho nyuzi 45 pembeni mwa kioo kiko mbali mara 1.41 ya kina chake, na ukitumia kina, utando utaongezeka na kupungua rubani anapogeuza kichwa.

Vimo vipimwe kutoka ardhi ya eneo lile, si kutoka usawa wa bahari. Uwanja wa Kilimanjaro uko takriban mita 894 juu ya bahari, na ukiuacha utando uanzie baharini, uwanjani pale utakuwa umeshapungua hadi chini ya nusu ya ule uliopimwa na kituo.

Tujaribu sasa kwa tarakimu. Kibo kiko kilomita 50 hivi kutoka uwanjani, na kilele chake cha mita 5,895 kiko takriban mita 5,000 juu ya barabara ya kurukia. Kwa mwonekano wa kilomita 40, τ ya kilele ni 1.16, na asilimia 31 ya mwanga wa barafu inafika machoni. Mashamba yaliyo chini ya mlima, kilomita 30 tu kutoka hapo na karibu katika kimo kile kile cha uwanja, yanafikisha asilimia 5. Mlima umening'inia. Rudia kwa kilomita 10, yaani kwa ile 9999 iliyosomwa vibaya, na kilele kinabaki na asilimia 1, ambayo kwenye kioo cha kompyuta ni sawa na hakuna kitu.

Utando haufichi tu, bali pia hung'aa, na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Rangi inayojaza nafasi ya mwanga uliopotea isiwe kijivu kilichowekwa mara moja. Ichukuliwe kutoka kwenye anga yenyewe, katika upande ule ule ambao jicho linatazama, kwenye ukingo wa upeo wa macho. Ardhi ya mbali itayeyuka ndani ya anga bila mshono. Chembe za utando hutupa mwanga mwingi kuelekea mbele, na kwa hilo fomula ya Henyey-Greenstein, inayotoa mng'ao kulingana na pembe kutoka kwenye jua, inatosha ukiipa g, kipimo cha kuegemea mbele, ya 0.76. Mwezi Juni jua huchomoza takriban nyuzi 29 kutoka upande wa Kibo, ilhali Desemba huchomoza nyuzi 75 mbali nacho, na fomula hiyo inasema kwamba utando ulio mbele ya mlima utang'aa mara kumi hivi zaidi katika macheo ya Juni. Usisahau kuupitisha mwanga wa jua wenyewe katika angahewa kabla haujaufikia utando, ama sivyo utapata macheo mekundu yenye ukungu mweupe wa adhuhuri.

Baada ya utando, ongeza hewa safi. Molekuli zake hutawanya mwanga kwa namna ya Rayleigh, yaani buluu zaidi kuliko nyekundu, zikipungua kwa H ya mita 8,000, na kila rangi ina mgawo wake: tumia 0.0000058 kwa nyekundu, 0.0000135 kwa kijani na 0.0000331 kwa buluu, kwa kila mita katika usawa wa bahari. Kwa H hii vimo hupimwa kutoka baharini. Ufifishaji ubaki na thamani tatu hadi mwisho, usiufanye wastani mmoja. Siku chache za hewa safi Kibo huonekana kutoka Nairobi, kilomita 200 na ushei. Nikikokotoa kwa kilomita 200 kutoka kimo cha jiji hilo, molekuli peke yake huacha asilimia 48 ya mwanga mwekundu, 18 ya kijani na chini ya 2 ya buluu, kwa hiyo barafu hufika ikiwa na rangi ya manjano iliyokolea, na mwamba wote chini yake umevaa buluu ya hewa iliyo katikati. Ukungu wa kijivu hauwezi kuichora picha hiyo hata kidogo.

Ndege ikipanda, upeo wa macho hushuka. Katika mita 10,000 uko nyuzi 3.2 chini ya usawa wa jicho, umbali wa kilomita 357, na anga iliyochorwa kama bakuli lenye ukingo kwenye nyuzi 0 itaacha mkanda wa ajabu kati ya mwisho wa ardhi na mwanzo wa mbingu. Kokotoa mshuko huo, kwa radiani, kwa kipeuo cha pili cha (2h gawanya kwa nusu kipenyo cha dunia, mita 6,371,000), h ikiwa kimo cha jicho, kisha ushushe ukingo wa anga kwa kiasi hicho katika kila fremu. Ardhi yako ikiishia kilomita 60, iendelezwe kwa umbo hafifu lisilo na maelezo, kwa maana kupunguza mwonekano ili kuficha ukingo huo ni kumnyima rubani mlima wenyewe.

Hesabu zote zifanyike kabla ya masahihisho ya gama, yaani hatua ya mwisho inayogeuza kiasi cha mwanga kuwa tarakimu za kioo, na mwishoni ongeza chengachenga za nasibu zisizozidi 1/255, la sivyo mbingu itaonyesha ngazi za rangi juu ya upeo wa macho.

Kwa jaribio la mwisho, ruka kutoka uwanjani kuelekea mji wa Moshi ukipanda polepole, huku ukiangalia nje kwa pembeni. Kwenye mita 500 juu ya ardhi utando bado umekuzunguka. Ukifika mita 3,000 unapaswa kuuona chini yako kama sakafu hafifu inayofifia juu yake, na Kibo kikiwa kimesogea karibu, cheupe, na miguu yake ikianza kuonekana.